Gari Linapokuwa Mhusika

Mei 2025, mahakama ya rufaa inayohudumia majimbo ya magharibi ya Marekani ilitoa hukumu juu ya swali ambalo mwalimu yeyote wa fasihi angelipenda: je, gari linaweza kuwa mhusika? Gari lililohusika linaitwa Eleanor. Ni Ford Mustang ambayo wezi wa magari wanahangaika kuiiba katika Gone in 60 Seconds, kwanza katika filamu ya mwaka 1974 iliyotengenezwa na H. B. Halicki, kisha katika ile ya mwaka 2000 ambamo Nicolas Cage ndiye mwizi mkuu. Upande wa warithi wa Halicki ulishikilia kwamba Eleanor ana hakimiliki kama mhusika mwingine yeyote wa kubuni. Majaji walikataa. Katika filamu nne alizotokea kwa jumla, Eleanor hubadilika rangi, modeli na umbo. Mara ni wa manjano, mara ni wa kijivu mwenye mistari myeusi. Hatendi lolote kwa hiari yake wala haonyeshi hisia. Kwa macho ya sheria, ni kifaa cha kuigizia.

Miaka kumi kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kinyume kuhusu Batmobile, gari la Batman. Fundi mmoja wa California alikuwa akiunda nakala zake na kuziuza kwa dola 90,000 hivi kila moja. Safari hiyo majaji waliona kwamba gari lina jina, lina umbo la popo linalotambulika hata likichorwa upya, lina silaha na mbinu zake, na siku zote ni msaidizi mwaminifu katika vita dhidi ya wahalifu. Basi ni mhusika, na fundi akashindwa kesi.

Mahakamani vigezo hivyo vinatosha. Mbele ya skrini havitoshi. Yako magari chungu nzima ya sinema yenye majina, maumbo ya ajabu na vifaa vya kutisha, ambayo yalisahaulika mara tu filamu ilipoondoka ukumbini. Mengine yalikuwa magari ya kawaida yaliyonunuliwa kwa muuzaji wa mtaani, na nusu karne baadaye mtu akionyeshwa picha anayataja kwa jina. Ukiyakusanya haya ya kundi la pili, jambo moja ambalo majaji hawakuligusa linajitokeza: karibu yote yanaweza kuumia. Huzimika, huchakaa, hugonga, hususa, hukataa kuwaka. Gari lisiloweza kushindwa halimpi mtazamaji sababu ya kulihofia, na asipolihofia halipendi.

Chukua DeLorean. Katika rasimu za mwanzo za Back to the Future, mashine ya kusafiria katika wakati ilikuwa jokofu. Mwongozaji Robert Zemeckis na mwandishi mwenzake Bob Gale waliliacha wazo hilo, sababu mojawapo ikiwa hofu kwamba watoto wangeanza kujifungia ndani ya majokofu ya nyumbani. Walipohamia kwenye gari, walichagua gari la kampuni iliyokwisha kufilisika. Kiwanda cha DeLorean huko Dunmurry, Ireland ya Kaskazini, kilijengwa kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, kikatoa magari 9,000 hivi, kikasimama mwaka 1982. Oktoba ya mwaka huohuo mwanzilishi wake, John DeLorean, alikamatwa kwa tuhuma za dawa za kulevya, na mwaka 1984 mahakama ikamwachia huru. Gari lenyewe lilikuwa zuri kwa macho lakini zito barabarani: bodi ya chuma kisichoshika kutu, milango inayofunguka kwenda juu mithili ya mabawa, na injini ambayo kwa soko la Marekani ilitoa nguvu za farasi 130 tu.

Filamu ilipotoka mwaka 1985, kila udhaifu ulikuwa umepewa kazi. Milango ile ndiyo inayoifanya familia ya wakulima wa mwaka 1955 iamini kwamba chombo kimeshuka kutoka sayari nyingine. Kwa kuwa gari si la mbio, kufikisha maili 88 kwa saa, yaani kilomita 142 hivi, kunakuwa mtihani unaomfanya mtazamaji ashike kiti. Na dakika ile ambayo radi iko njiani na hakuna nafasi ya pili, gari linazimika. Marty, kijana anayeliendesha, anahangaika na ufunguo, anakata tamaa, anagonga usukani kwa kichwa, ndipo linawaka. Yeyote aliyewahi kumiliki gari kuukuu anaijua hofu hiyo mwilini mwake. Bob Gale amesimulia kwamba kampuni ya Ford ilikuwa tayari kulipa dola 75,000 ili Mustang itumike badala ya DeLorean, naye akakataa. Alifanya jambo la maana sana. Mustang mpya ingewaka mara ya kwanza, na tukio zima lingepotea.

Herbie wa Disney ni mfano wa zamani zaidi. Filamu ya The Love Bug ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 1968, na steringi wake ni Volkswagen ya mwaka 1963, nyeupe, yenye namba 53 ubavuni. Namba hiyo ilitoka kwa Don Drysdale, mchezaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuchagua, Disney walipanga magari kadhaa uwanjani na kuwatazama wafanyakazi wakipita kwenda kula. Mengine walipiga mateke matairi yake na kujaribu usukani, Volkswagen waliipapasa. Herbie hasemi neno hata moja katika filamu nzima, wala uso wake hausogei. Hata hivyo mtoto wa miaka mitano anajua wakati gani Herbie amekasirika na wakati gani ana wivu. Dereva wake anapoleta Lamborghini nyumbani, Herbie anaiponda, kisha anatoroka usiku na kutaka kujitupa kutoka daraja la Golden Gate. Hapo ndipo alipovuka mpaka. Kushinda mbio kungemfanya gari zuri. Kutaka kujiua kwa kusalitiwa kulimfanya mtu.

Miaka karibu arobaini baadaye Pixar walilitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Katika Cars ya mwaka 2006, macho ya magari yaliwekwa kwenye kioo cha mbele badala ya taa, ambako wachoraji wengi wa katuni walizoea kuyaweka. Uso ukawa mkubwa, boneti ikawa pua na bampa mdomo, na mhusika mkuu, gari la mbio Lightning McQueen, akaweza kuonyesha aibu. Aibu ndiyo hadithi yake yote.

India ililijua jambo hili mapema kuliko wengi. Chalti Ka Naam Gaadi ya mwaka 1958, wenye gereji wakiwa ndugu watatu, Ashok, Anoop na Kishore Kumar, inabebwa na Chevrolet ya mwaka 1928 ambayo tayari ilikuwa mkweche filamu ilipopigwa. Sinema za Kihindi zilijaza majumba ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na watazamaji wa pwani walizizoea hizi hadithi ambamo gari la familia lina heshima ya mzee. Mwaka 2004 ikaja Taarzan: The Wonder Car, ambamo gari la marehemu, lililookolewa na kufufuliwa na mwanawe, linawawinda mmoja mmoja waliomuua mwenye nalo. Gari la filamu hiyo liliundwa na mbunifu Dilip Chhabria juu ya Toyota MR2. Wahakiki hawakuipenda sana. Lakini wazo lake limekaa mahali pake: roho ya baba imo ndani ya chuma, na mtoto anaendesha bila kujua nani amembeba.

Barani Afrika hakuna gari la sinema lililochekwa na kupendwa kama Land Rover ya The Gods Must Be Crazy, filamu ya Jamie Uys ya mwaka 1980. Gari hilo halina breki za kuaminika na likizimwa haliwaki tena. Kwa hiyo mtafiti anayeliendesha anapofika kwenye geti, lazima aruke, akimbie, afungue, arudi, adandie, huku gari likiendelea kujiendea lenyewe. Baadaye kamba ya winchi inajikunja mpaka inalipandisha gari zima juu ya mti, ambako linabaki likining'inia huku injini ikiunguruma. Makanika wake analiita gari hilo Mpinga-Kristo. Filamu hiyo ilitengenezwa Afrika Kusini ya ubaguzi, na lawama dhidi ya namna ilivyowachora Wasan kama watoto wasioijua dunia ni za haki. N!xau, Msan aliyeigiza ndani yake, aliishi katika ulimwengu mgumu zaidi kuliko ule wa skrini. Pamoja na hayo, Land Rover ile ni somo la uandishi. Kila kasoro inatajwa kabla ya kuhitajika, na kila iliyotajwa inakuja kuzaa tukio.

Mtu anaweza kuuliza: vipi basi Mustang ya Bullitt, ambayo haina ubovu wowote? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika dakika kumi na kidogo za mfukuzano uliopigwa San Francisco mwaka 1968. Mwongozaji Peter Yates alimweka Steve McQueen katika Mustang GT ya kijani iliyokolea, na wauaji katika Dodge Charger nyeusi. Muziki wa Lalo Schifrin unapanda taratibu, kisha mfukuzano unapoanza kweli, unanyamaza. Kuanzia hapo mtazamaji anasikia injini, matairi na chuma kikipiga lami kila gari linaporuka kwenye kilele cha mlima na kutua. Mustang inaumia, na maumivu yake yanasikika. Wapekuzi wamebaini makosa mengi: Volkswagen ileile ya kijani inapitwa mara kadhaa, na Charger inapoteza vifuniko vingi vya magurudumu kuliko magurudumu iliyo nayo. Hayo hayakumzuia mhariri Frank P. Keller kupata Oscar, kwa kuwa alichokiunganisha kwa mkasi wake kilikuwa uchungu wa mashine mbili, na usahihi wa mambo madogo ukawa jambo la baadaye.

Aston Martin DB5 ya James Bond nayo huonekana kama inavunja kanuni. Katika Goldfinger ya mwaka 1964, mbunifu Ken Adam na mtaalamu wa vifaa John Stears waliipa bunduki nyuma ya taa, namba zinazozunguka, ngao isiyopenywa na risasi na kiti kinachomrusha abiria nje kupitia paa. Katika riwaya ya Ian Fleming, Bond alikuwa na Aston Martin ya modeli ya awali, yenye vifaa vichache mno. Kwa orodha hiyo ya silaha, DB5 ilipaswa kuwa gari lisiloshindika, nalo lingechosha. Waandishi wa mswada walijua. Silaha nyingi zinapokwisha kutumika, Bond anaona taa zikimjia uso kwa uso, anakata kona kuzikwepa na kujibamiza ukutani. Zilikuwa taa zake mwenyewe, zilizoakisiwa na kioo kikubwa. Gari lenye kila hila limedanganywa na kioo. Karibu miaka hamsini baadaye, katika Skyfall, DB5 inateketezwa kwa risasi na moto, na uso wa Daniel Craig unabadilika kuliko unavyobadilika kwa vifo vingi vya binadamu katika filamu hizo. Kilicholipuliwa kilikuwa kielelezo cha theluthi ya ukubwa halisi, kilichochapishwa kwa mashine ya pande tatu.

Hapa ndipo biashara inapoingia, na ndipo mambo mengi yanapoharibika.

Kampuni za magari ziligundua zamani kwamba sinema huuza. Baada ya Smokey and the Bandit ya mwaka 1977, ambamo Burt Reynolds anawachezea askari kwa Pontiac Trans Am nyeusi, mauzo ya modeli hiyo yalipanda kutoka zaidi ya 68,000 mwaka huo hadi zaidi ya 93,000 mwaka uliofuata, na mwaka 1979 yakapita 117,000. Takwimu za namna hiyo hazimwachi mkurugenzi wa masoko alale. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1990 mikataba ikawa minene. Katika GoldenEye ya mwaka 1995 James Bond alipewa BMW Z3, gari jipya lililokuwa likisubiri kuzinduliwa. Anaelezwa kwamba lina makombora nyuma ya taa, kisha anaendesha kidogo, anampa mtu mwingine, basi. Hakuna kombora lililorushwa. Oda zilimiminika na BMW walifurahi, lakini leo ni nani anayeikumbuka Z3 kwa kitu ilichofanya? Gari lililokodishiwa skrini hulindwa na mkataba wake. Haliruhusiwi kuharibika ovyo, halizimiki, halichafuki. Kwa maneno mengine, linanyimwa kila kitu kinacholifanya mhusika.

Fiat walielewa vizuri zaidi. Katika The Italian Job ya mwaka 1969, Mini Cooper tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, zinatoroka na dhahabu kupitia ngazi, mitaro na mapaa ya Turin. Watengenezaji wa Mini huko Uingereza walisaidia kwa mkono wa birika, wakati Fiat, mwenyeji wa mji, walitaka kutoa magari mengi bure mradi steringi wawe Fiat. Watengenezaji wa filamu wakakataa, kwa sababu hadithi ilikuwa ya Waingereza wadogo wanaowapiga chenga wenye nguvu. Fiat hawakununa, waliwaachia hata njia ya majaribio iliyoko juu ya paa la kiwanda chao cha Lingotto. Magari madogo yaliyokwaruzwa kila upande yakawa tangazo ambalo hakuna fedha ingeweza kulinunua.

Nao mfano wa Bumblebee katika Transformers ya mwaka 2007 unaonyesha kwamba hata tangazo linaweza kuokolewa. Zamani mhusika huyo alikuwa Volkswagen. Filamu ikamfanya Chevrolet Camaro, kwa faida ya wazi ya General Motors. Lakini waandishi walimwanzisha akiwa Camaro kuukuu ya miaka ya 1970, yenye kutu, na wakamnyang'anya sauti. Bumblebee huzungumza kwa kuokota vipande vya redio. Kasoro hiyo moja ndiyo inayotofautisha roboti anayependwa na roboti wengine kumi wanaolipuana kwenye filamu hiyohiyo.

Lipo jambo jingine linalostahili kusemwa kwa sauti. Mhusika huyu wa chuma, tofauti na wahusika wengine, huigizwa na watu ambao majina yao hayasikiki. Charger nyeusi ya Bullitt iliendeshwa na Bill Hickman, ambaye anaonekana usoni akiwa mmoja wa wauaji. Miaka mitatu baadaye alikuwa tena nyuma ya usukani katika mfukuzano wa The French Connection chini ya reli ya juu huko Brooklyn, sehemu ya picha zake zikipigwa katikati ya magari ya watu wa kawaida bila kibali. Katika Mustang, kuruka kwa hatari zaidi kulifanywa na Bud Ekins na Loren Janes, ingawa sifa zote zilimwendea McQueen. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, Aston Martin DBS ilikataa kupinduka kwa kupandishwa kwenye rampu ya kawaida kwa jinsi ilivyokaa vizuri barabarani, hivyo ikafungwa mzinga wa hewa chini, na dereva Adam Kirley akabiringika nayo mara saba, rekodi iliyoandikwa na Guinness. Katika No Time to Die, kwenye vichochoro vya Matera, baadhi ya DB5 zilikuwa na kizimba juu ya paa. Dereva halisi alikaa humo akiendesha, huku Daniel Craig chini akizungusha usukani usiounganishwa na kitu. Mawe ya barabara yalimwagiwa Coca-Cola, maelfu ya lita, ili yanate na matairi yasiteleze.

Kazi hiyo huua. Halicki mwenyewe, aliyeharibu magari 93 katika filamu yake ya 1974 na kuendesha mengi kwa mkono wake, alifariki mwaka 1989 wakati akitengeneza mwendelezo wake. Mwaka 1999 mpiga picha mmoja alipoteza maisha Paris wakati Peugeot iliporushwa kwa ajili ya filamu ya Taxi 2 ikapita mahali palipotarajiwa itue. Hadi leo tuzo za Oscar, zilizoanza 1929, hazijawahi kumkabidhi dereva wa michezo ya hatari tuzo ya mashindano kwa kazi hiyo. Ni dhuluma, na haina utetezi.

Baada ya kamera kuzimwa, gari huanza maisha ya pili, na hayo mara nyingine ni ya ajabu kuliko filamu. Mustang moja ya Bullitt ilinunuliwa mwaka 1974 na familia moja ya Marekani kwa dola 6,000, ikatumika kwenda kazini na shughuli za nyumbani. Mwaka 1977 McQueen aliandika barua kuomba auziwe, wakakataa. Ikakaa gerejini kwa miongo, ikaonyeshwa hadharani 2018, na Januari 2020 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Batmobile ya kwanza ya televisheni ilikuwa Lincoln Futura, gari la maonyesho la mwaka 1955 lililoundwa Turin kwa gharama ya dola 250,000 hivi. Fundi George Barris aliinunua kwa dola moja, na mwaka 2013 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 4.6. DB5 yenye vifaa vya Goldfinger iliibwa Juni 1997 kutoka kwenye banda la ndege huko Boca Raton, Florida, na haijarudi hadharani. Ferrari ya Ferris Bueller's Day Off, ile inayoanguka bondeni kutoka kwenye jumba la vioo, haikuwa Ferrari. Zilikuwa nakala za bodi ya fibaglasi, kwa kuwa gari halisi lilikuwa ghali mno kulichezea. Nakala hizo nazo leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mnunuzi hanunui injini. Ananunua makovu.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii, ingawa haijaitumia ipasavyo. Kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961, Howard Hawks alipiga filamu ya Hatari! katika Tanganyika, kuzunguka Arusha, Momella, Manyara na Ngorongoro. Gari lake kuu ni lori la kukamatia wanyama, lenye kiti kilichofungwa juu ya bawa la gurudumu la mbele, na juu ya kiti hicho amefungwa John Wayne akiwa na kitanzi mkononi. Vifaru na twiga walikamatwa kweli, na waigizaji wenyewe ndio waliokuwa kwenye magari hayo. Filamu ilitoka 1962, Tanganyika ikiwa tayari huru, na Watanganyika walioonekana ndani yake walibaki wasaidizi wa pembeni. Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuishi huko kwa miaka. Kama sinema ya magari, Hatari! haijapata mpinzani kwa jambo moja: mnyama anapoligonga lori, bati linapobonyea, hakuna hila.

Filamu za wenyeji zimeliona gari kwa jicho lao. Katika Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga ya mwaka 2012, mhusika mkuu Mwas na genge lake wanaanza kwa kung'oa vioo vya pembeni na taa, kisha wanafikia kuteka magari mazima. Gari humo ni mzigo wa vipuri, lenye thamani vipande vipande kuliko likiwa zima, na mji unasomeka kwa namna hiyohiyo. Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga ya 2010 inaifanya Kinshasa yote izunguke shehena ya petroli, kwa kuwa pasipo mafuta hakuna gari litakaloonyesha ubabe. Ni mtazamo mzito, wenye ukweli wa mahali pake. Lakini gari lenyewe bado halijapewa roho.

La kushangaza ni kwamba mhusika yupo tayari mitaani. Nganya ya Nairobi, yaani matatu iliyopambwa, ina jina, ina michoro inayoitambulisha kutoka mbali, ina honi na muziki wake, ina wafuasi wanaoacha matatu nyingine zipite ili kuingoja, na ina uhasama na nganya jirani. Ingefaulu vigezo vya majaji wale wa rufaa bila wakili. Waliolitambua hilo kwanza walikuwa wageni: mfululizo wa Sense8 wa mwaka 2015 ulimpa Capheus, dereva wa Nairobi, matatu iliyochorwa Jean-Claude Van Damme na kuitwa Van Damn. Ilikuwa bovu, isiyo na abiria, na ulimwengu mzima ukaipenda. Arusha ina Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 ambazo bado zinapanda milima, na Oktoba 2024 zilikusanyika mamia kwa mamia katika tamasha lao. Toyota Supra ya rangi ya machungwa ya The Fast and the Furious, iliyouzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola 550,000, ilipata umaarufu kwa injini ya ukoo wa 2JZ, ukoo uleule uliowekwa kwenye matoleo ya Crown na Aristo, na makanika wengi wa Dar es Salaam wanaweza kuifungua na kuifunga bila kitabu.

Waongozaji na waandishi wa miswada wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura hawahitaji kusubiri bajeti ya Hollywood. Mad Max ya kwanza, ya mwaka 1979, ilitengenezwa Australia kwa fedha kidogo mno, dola za huko zisizofika nusu milioni, na Ford Falcon yake nyeusi ikazaa mfululizo ambao filamu yake ya mwaka 2015, iliyopigwa katika jangwa la Namibia, ilichukua Oscar sita. Lichukueni daladala moja, lipeni jina, liandikieni ubovu wake mmoja unaojulikana tangu dakika ya tano, kisha likwamisheni mahali ambapo lazima liwake. Na jina la dereva wake liwekeni juu, pamoja na waigizaji.